Nani Aliamuru, Saa Ngapi, na Imeandikwa Wapi?

Hotuba ya wakili kwa ndugu wa wagonjwa, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, iliyotolewa Dodoma katika wiki ya Siku ya Afya ya Akili Duniani

Mwenyekiti wa kikao, madaktari na wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, maofisa ustawi wa jamii, wazazi wangu na ndugu zangu mnaouguza, na ninyi mliowahi kulazwa mkapata nafuu na leo mmekubali kukaa viti vya mbele: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie sheria, na sheria huchosha watu mchana wa jua kali, kwa hiyo nitawapa kwanza kile ninachotaka mwondoke nacho, kisha nitumie muda uliobaki kukitetea. Ukifika wodini ukamkuta mtu wako amefungwa mikono kitandani, au ukaambiwa yupo kile chumba cha peke yake na leo haonekani, usigombe na usilie. Uliza, kwa adabu: nani aliamuru, saa ngapi, na imeandikwa wapi? Ukipata majibu ya maswali hayo matatu, omba uone ukurasa. Usipoyapata, basi unaloliona mbele yako huenda si tiba hata kidogo. Huenda ni mtu mzima aliyefungwa kamba bila mamlaka yoyote, na jambo hilo lina jina lake kwenye Kanuni ya Adhabu.

Fikirieni jambazi aliyekamatwa na panga mkononi. Sheria inataka afikishwe mahakamani upesi, aelezwe kosa lake, aruhusiwe wakili, na hakimu aandike kwenye jalada kwa nini anamrudisha mahabusu. Sasa mchukueni kijana wa chuo aliyeacha kulala wiki nzima, akaanza kusikia sauti, akaletwa hospitali na baba yake mdogo. Hajamwibia mtu. Anaweza kukaa amefungwa mguu kwenye chuma cha kitanda siku mbili, na siku ya tatu hakuna anayekumbuka zamu gani ilimfunga. Huyu wa pili ndiye anayepaswa kuwa na ulinzi mkubwa zaidi, maana hata akilalamika, watu watasema ni ugonjwa unaongea.

Tuanze na Katiba yetu ya 1977, kwa sababu imeandikwa kwa Kiswahili na kila mmoja hapa anaweza kuisoma mwenyewe. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Haikusema kila mtu mwenye akili timamu. Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Hiyo wengi wanaijua. Ninayoipenda zaidi ni iliyo juu yake, (d), ambayo mawakili wengi huisoma kama mambo ya polisi na magereza tu. Inataka heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi, katika mambo ya jinai, na pia katika shughuli nyinginezo ambazo mtu anakuwa chini ya ulinzi bila uhuru. Wodi iliyofungwa kwa kufuli, na mlinzi mlangoni, ni nini kama si hapo? Mimi nasema ibara ile inamhusu mgonjwa wa wodi hiyo moja kwa moja, na nipo tayari kulisema hilo mbele ya jaji yeyote.

Halafu ipo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Hii ndiyo inayoeleza mtu analazwaje: kwa hiari yake, au bila hiari yake kwa utaratibu uliowekwa. Sitaipitia yote. Nataka mshike jambo moja ambalo linachanganywa kila siku, na hata wenzangu mawakili huteleza hapo. Kulazwa bila hiari ni uamuzi mmoja. Kufungwa kamba ni uamuzi mwingine kabisa. Karatasi iliyomwingiza mtu hospitalini haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumfunga baadaye, kama vile haimpi ruhusa ya kumpasua. Kila unapogusa mwili wake au kumnyima nafasi ya kutembea, unahitaji sababu mpya, ya saa ile, na mtu wa kuijibu. Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja, tena msomi, "lakini huyu aliletwa kwa amri." Ndiyo, aliletwa kwa amri. Je, aliyefunga mikono yake jana usiku alikuwa na amri gani?

Sababu yenyewe inapaswa kuwa ipi? Hapa tunakwenda Umoja wa Mataifa. Mwaka 1991 Baraza Kuu lilipitisha, kwa azimio namba 46/119, Kanuni za Kuwalinda Watu Wenye Ugonjwa wa Akili. Kanuni ya 11 ina kipengele kizima kuhusu kufunga na kufungia. Nitakieleza kwa maneno yangu. Mgonjwa asifungwe wala asitengwe chumbani isipokuwa kwa utaratibu rasmi ulioidhinishwa wa kituo, na pale tu ambapo hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuzuia madhara ya papo hapo au yaliyo karibu sana kutokea, kwake au kwa wengine. Isizidi muda unaohitajika kwa lengo hilo. Kila tukio, sababu zake, namna yake na kiasi chake viandikwe kwenye faili la mgonjwa. Awekwe katika hali ya kibinadamu, chini ya uangalizi wa karibu na wa mara kwa mara wa wahudumu waliosomea kazi hiyo. Na mwakilishi wake, kama yupo na inahusika, ajulishwe haraka.

Mtaniambia: wakili, hizo ni kanuni tu, si mkataba, hazimfungi mtu. Kwa herufi za sheria mna haki. Lakini sikilizeni kilichotokea Gambia. Watetezi wawili walipeleka lalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, namba 241/2001, kwa niaba ya wagonjwa waliokuwa wodi ya akili iitwayo Campama, Banjul. Gambia ilikuwa bado inatumia sheria ya 1917 ya kuwaweka ndani wale iliowaita vichaa. Aliyeingia hakuwa na rufaa wala msaada wa wakili. Serikali ilijitetea kama serikali zinavyojitetea. Mwaka 2003 Tume ikaamua kwamba Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu umevunjwa, ikiwamo Ibara ya 5 inayolinda utu, na katika kupima ikazisoma hizohizo kanuni za 1991. Hata majina ambayo sheria ile iliwaitia wagonjwa, Tume ilisema yanawavua utu. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba huohuo tangu 1984. Kwa hiyo mtu akikwambia kanuni hizo ni karatasi, mwambie kuna kesi ya Kiafrika iliyoamuliwa kwa kuziangalia.

Nikae kidogo kwenye neno "imeandikwa", maana hapo ndipo kesi nyingi hufa au hupona. Nimeshika mafaili mengi ya wagonjwa katika kazi yangu. Katika moja, la hospitali ambayo sitaitaja, tukio la kumfunga mtu lilikuwa mstari mmoja: "Mgonjwa alikuwa msumbufu, akafungwa." Basi. Hakuna saa. Hakuna sahihi. Msumbufu ni nani? Anayeimba usiku ni msumbufu. Anayedai simu yake ni msumbufu. Anayekataa ugali wa jioni ni msumbufu, na mimi ningekuwa mmoja wao. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye kanuni inaruhusu afungwe.

Sasa sikieni maandishi yanayofaa yanavyokuwa. Saa 8:40 usiku. Amevunja kioo cha dirisha la magharibi, ameshika kipande, amemfuata mgonjwa wa kitanda cha pili. Ameongeleshwa na muuguzi wa zamu, akaombwa akiweke chini, akakataa. Ameahidiwa kuhamia upande wa pili wa wodi, akakataa. Amepewa dawa ya kunywa, ameitema. Watu wanne wamemshika, hakuna aliyeumia. Amefungwa vifundo vyote viwili vya mikono kwa bandeji pana, amelazwa chali, kichwa kimeinuliwa. Daktari wa zamu amepigiwa simu saa 8:45, amefika saa 9:05. Saa 9:10 vidole vina joto, kucha zina rangi yake, vidole viwili vya muuguzi vinapita kati ya bandeji na ngozi. Amepewa maji. Saa 9:25 anaongea kwa utulivu, mkono wa kushoto umefunguliwa. Saa 9:40 wa kulia umefunguliwa. Ameelezwa kwa nini ilifanyika. Ndugu yake atajulishwa asubuhi kwa simu. Jina, sahihi.

Mnaona tofauti? Hayo ya pili yanamlinda mgonjwa, na yanamlinda muuguzi vilevile. Nikiwa wakili wa muuguzi huyo, ningelala usingizi mzuri. Nikiwa wakili wa yule aliyeandika "msumbufu", ningemshauri amalizane na familia nje ya mahakama.

Na angalieni kipengele cha vidole. Wauguzi hapa wanaelewa, lakini ndugu wengi hawajui kwamba kufungwa kunaua. Mtu akilazwa kifudifudi na watu wakamkalia mgongoni, kifua hakipanuki, anaishiwa pumzi huku wanaomshika wakidhani bado anapigana. Kumbe anatafuta hewa. Mtu akifungwa muda mrefu bila kusogezwa, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, bonge likapanda hadi mapafuni. Akichomwa sindano ya kutuliza akiwa tayari amechoka, hajanywa maji, na hakuna anayehesabu pumzi zake, hatari inajirundika. Ndiyo maana siku ya kumlaza ndugu yako, kabla hujauliza habari ya nguo na sahani, sema wazi: ana pumu, ana kifafa, ana ujauzito, ana presha, moyo wake una tatizo. Sema na uone ikiandikwa.

Sindano nayo tusiisahau. Kuna wodi ambazo hazina kamba hata moja, na kila mtu amelala saa sita mchana. Dawa inayotolewa kutibu ni dawa. Dawa inayotolewa ili wodi iwe kimya wakati wa zamu ni kamba isiyoonekana, na maswali yangu matatu yanaihusu vilevile.

Chumba cha peke yake nitakisemea kwa ufupi, kwa kuwa masharti ni yaleyale. Ila kina mtego wake. Kamba inaonekana, na kila anayepita anajisikia vibaya. Mlango ukifungwa, mtu anasahaulika. Uliza kama kuna godoro, kama kuna mwanga, kama kuna mahali pa kujisaidia pasipo kudhalilika, kama ana nguo mwilini, kama kuna tundu la kumwangalia na nani anaangalia kila baada ya muda gani. Kumvua mtu nguo zote kwa hoja kwamba atajinyonga nazo, kisha kumwacha uchi kwenye sakafu ya saruji, hakuwezi kuwa hali ya kibinadamu, hata kama nia ilikuwa njema. Na kama chumba kinatumika kumkomesha aliyemtukana muuguzi, hiyo ni adhabu. Hospitali si mahakama.

Najua kuna watu hapa wanaoguna kimoyomoyo. Dada zangu wauguzi, nawaona. Mnasema huyu wakili hajawahi kubaki peke yake usiku na wodi nzima, mlinzi mmoja mzee getini, umeme umekatika, na mtu ameshika chupa. Ni kweli, sijawahi. Wala sitawahukumu kwa kile mlichofanya katika dakika tano za hofu. Sheria yenyewe inaelewa dakika hizo tano. Isichoelewa ni saa ya sita, na siku ya pili. Uhaba wa watumishi unaeleza kwa nini jambo limetokea, lakini hauligeuzi kuwa halali. Na hapa ningependa mawakili na wauguzi tuwe upande mmoja kuliko tulivyo sasa: muuguzi anayeandika kila mara "nilimfunga kwa sababu nilikuwa peke yangu" anamtengenezea mgonjwa ushahidi dhidi ya mwajiri wake, na si dhidi yake mwenyewe. Andikeni hivyo. Kitabu kikijaa sentensi hiyo, mganga mfawidhi ana cha kupeleka wizarani akiomba watumishi.

Msidhani wenzetu matajiri walizaliwa wakijua. Marekani, mwaka 1998, gazeti la Hartford Courant lilichapisha uchunguzi uliohesabu vifo 142 vya watu waliokuwa wamefungwa au kutengwa katika vituo vya akili na vya ulemavu ndani ya takriban miaka kumi. Watu walishtuka, bunge lao likasogea. Leo hospitali zinazolipwa na bima za serikali kule zina mipaka ya saa: amri moja ya kumfunga mtu mzima mwenye vurugu haiwezi kuzidi saa 4, mtoto wa miaka 9 hadi 17 saa 2, na aliye chini ya miaka 9 saa 1. Mtaalamu lazima amwone mgonjwa uso kwa uso ndani ya saa 1. Na hairuhusiwi kuandika amri ya jumla, ile ya "afungwe akianza vurugu." Hiyo ya mwisho naomba muikariri, maana nimeiona kwenye mafaili ya kwetu: amri iliyoandikwa Jumatatu inatumika Ijumaa.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018 baada ya kijana aitwaye Olaseni Lewis kufariki mwaka 2010, alipozuiwa kwa nguvu na askari polisi 11 ndani ya hospitali ya akili, London. Wazazi wake walipigana miaka minane. Sheria ile inataka kila kituo kiwe na mtu mmoja anayewajibika kwa kila matumizi ya nguvu, watumishi wafunzwe, kumbukumbu zitunzwe, na wagonjwa waelezwe haki zao.

Lakini iliyonigusa mimi ni Ujerumani. Julai 2018 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kumfunga mtu kitandani kwa mikanda ya sehemu tano au saba za mwili, ikizidi takriban nusu saa, ni kumnyima uhuru upya, hata kama tayari amelazwa kwa amri ya mahakama. Ndiyo hoja niliyowapa pale mwanzo. Kwa hiyo anahitajika jaji kuruhusu. Na ili hospitali zisije zikasema majaji wamelala, mahakama ikaagiza jaji awe anapatikana kila siku kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Mhudumu mmoja akae na mgonjwa muda wote. Na akishafunguliwa, aambiwe kwamba anaweza kuomba mahakama ipime kama alifungwa kihalali. Siwaambii Dodoma ipate jaji wa zamu kesho. Hilo la mwisho, la kumwambia mtu kwamba anaweza kulalamika, halihitaji bajeti. Linahitaji muuguzi wa zamu ya asubuhi kukaa kwenye ukingo wa kitanda na kuzungumza naye.

Jirani zetu Kenya walirekebisha sheria yao mwaka 2022, wakaorodhesha haki za mgonjwa waziwazi, ikiwamo ridhaa ya matibabu na kushirikishwa katika mpango wa tiba yake. Katiba yao ya 2010 inasema haki ya kutoteswa na kutotendewa unyama haiwezi kupunguzwa kwa sheria yoyote.

Sasa nifike kwenye ubishi mkubwa, maana sitaki mtu atoke hapa akidhani wataalamu wote wanakubaliana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 14 ya mkataba huo inasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru, na ya 15 inakataza utesaji na unyama. Kamati inayousimamia inausoma mkataba huo kwa ukali: kufunga na kutenga kukomeshwe kabisa. Katika ripoti yake ya Februari 2013, Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu kwamba kufunga na kutenga watu wenye ulemavu wa akili kupigwe marufuku moja kwa moja. Madaktari wengi hawakufurahi. Walisema kuna usiku ambao usipomshika mtu, atakufa.

Mimi nipo wapi? Naona lengo la Kamati ni sahihi, na naona wodi zinazojaribu kufikia hapo zinagundua kwamba kufunga kwingi kulikuwa mazoea. Lakini sitaki mtu atumie lengo la mbali kukwepa wajibu wa leo. Anayesema "tutaacha siku tukiwa na uwezo" hajaanza hata kuandika saa. Tuanze na saa. Wodi inayoandika kila tukio huishia kufunga mara chache, kwa sababu mtu anayejua ataandika sababu hujiuliza kwanza kama anayo.

Na njia nyingine zipo, nyingi zake za kawaida kabisa. Kujua ni nini humchokoza mtu: wengine ni njaa, wengine ni kunyimwa kwenda kuswali, wengine ni jina la mtu fulani. Chumba tulivu ambacho mlango wake hauna kufuli. Muuguzi mmoja anayeongea, wengine wanyamaze. Ndugu kuruhusiwa kukaa naye usiku wa kwanza. Na hili kwa ninyi mliopata nafuu: andikeni mkiwa wazima. Karatasi moja tu, kwamba nikizidiwa naomba aitwe dada yangu, dawa fulani ilinipa shida, nikishikwa kwa nyuma natishika zaidi, niacheni nitembee uani. Kila mmoja awe na nakala nyumbani na nyingine kwenye faili.

Wazazi wangu, hapa mtanivumilia. Kamba nyingi hazipo hospitalini. Zipo kwenye vibanda vya uani, kwa waganga, na kwenye baadhi ya nyumba za maombi, ambako mtu hufungwa mnyororo kwenye mti hadi pepo litoke. Oktoba 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti iliyokuta minyororo ya namna hiyo katika nchi zipatazo 60, jirani zetu Kenya wakiwamo. Nafahamu hofu ya mama ambaye mwanawe alitoka usiku akakutwa katikati ya barabara kuu. Lakini kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai, na kosa halifutiki kwa sababu aliyefanya ni baba, mchungaji au shehe. Ukiwa umemfunga leo kwa sababu huna njia, mwone ofisa ustawi wa jamii wa kata kesho asubuhi. Atakuuliza maswali, ndiyo. Ni afadhali akuulize yeye kabla ya polisi.

Ukilalamika, unalalamika wapi? Anza na muuguzi kiongozi wa wodi, halafu mganga mfawidhi, kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa "tumekusikia." Kama ni utovu wa maadili, Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga hupokea malalamiko dhidi ya wanataaluma wao. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haidai ada na inaweza kuchunguza taasisi ya serikali. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, kwa hiyo huna haja ya kuuza mbuzi ili upate wa kukuandikia.

Mahakama Kuu nayo ipo, kwa Ibara ya 30(3) ya Katiba, ila kuna kikwazo kilichowekwa mwaka 2020. Sheria ilirekebishwa, sasa anayefungua shauri la haki za msingi lazima aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa mgonjwa aliyefungwa, maana yake ni kwamba kiapo chake mwenyewe kina uzito mkubwa, na ndiyo maana tarehe, saa na majina yanapaswa kukusanywa mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia. Kuhusu Mahakama ya Afrika, mnaijua, ipo Arusha, mwendo wa basi kutoka hapa. Serikali yetu ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya raia dhidi ya Tanzania. Tume ya Afrika, ile ya kesi ya Gambia, bado inapokea malalamiko, mradi uwe umemaliza njia za nyumbani.

Mezani pale mlangoni kuna fomu za ukurasa mmoja za kujaza tukio: tarehe, saa, nani aliamuru, amefungwa wapi na kwa nini, lini amefunguliwa. Zimeandikwa ili ndugu aweze kujaza kwa kalamu akiwa wodini. Msaidizi wa kisheria atabaki hapa mpaka saa kumi jioni kwa wale wenye shauri linaloendelea, na tafadhali njooni na nakala za barua za rufaa kama mnazo. Tuanze maswali na wauguzi, maana nimeambiwa wengine wanaingia zamu saa nane.